Gundi imeachia, rangi inabambuka, nguo zanuka ukungu: kutafuta kasoro ya rafu na makapu uliyojitengenezea

Kabla hujanunua chupa nyingine ya gundi, kigeuze hicho kitu chako ukitazame chini na nyuma. Hapa Kisumu, kasoro nyingi za rafu, makapu na masanduku tunayojitengenezea kwa vitu vya zamani huanzia upande usioonekana: unaogusa sakafu, unaogusa ukuta, na pale vitu viwili vilipoungwa. Watu hukimbilia kuongeza. Gundi zaidi, rangi zaidi, misumari zaidi. Ilhali swali ni moja: hiki kitu kilikuwa nini kabla hakijawa rafu, na kimetengenezwa kwa kitu gani?

Mji nao una lawama zake. Tupo zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, ubavuni mwa ziwa, joto na unyevu vikienda bega kwa bega. Sanduku lililotulia miaka mingi Nakuru, kule juu zaidi ya mita 1,800 ambako hewa ni baridi na kavu, likiletwa mtaa wetu wa Nyalenda linaanza kuvimba na kubana kana kwamba limeumwa na nyuki. Kwa hiyo katika maelezo haya unyevu ndio mshukiwa wa kwanza, ingawa si kila mara ndiye mwenye hatia.

Nguo zinatoka na harufu ya ukungu

Umepanga mablanketi ya wageni ndani ya ndoo ya rangi ya lita 20, umekaza kifuniko, umeisukuma chini ya kitanda. Mvua za Machi hadi Mei zikipita unaifungua, na harufu inakutangulia. Ndoo haina kosa. Kifuniko chake kinakaza vizuri mno: huzuia unyevu wa nje usiingie, na ule uliofungiwa ndani nao haupati pa kutokea. Chanzo cha kawaida ni nguo zilizoanuliwa jioni, umande ushaanza kushuka, zikafungwa papo hapo. Zianike upya, uzifungie saa nane mchana siku ya jua kali, ndoo yenyewe nayo ikiwa imekaushwa mdomo ukitazama jua. Kama nguo zinatolewa na kurudishwa kila wiki, hutaweza kulinda ukavu huo. Afadhali utoboe matundu chini kidogo ya ukingo wa ndoo na kuyaziba kwa kipande cha neti ya mbu. Hewa ipite, mende na vile vijidudu vya ziwani visiingie.

Kama chombo ni cha mbao, au ni droo za kabati la zamani ulizozipanga kama rafu, na ukungu uko upande wa nyuma peke yake, pima ukuta. Chukua jalada la nailoni la daftari, lile linaloonyesha, ulibandike ukutani kwa selotepu pande zote nne, uliache siku moja au mbili. Matone yakionekana kati ya nailoni na ukuta, ukuta wenyewe unanyonya maji kutoka ardhini au kuna mahali unavuja. Matone yakiwa juu ya nailoni, upande wa chumbani, hiyo ni hewa ya ndani: sufuria zinachemka, madirisha yamefungwa, watu wengi wamelala chumba kimoja. La kwanza dawa yake ni kuondoa rafu ukutani upana wa kiganja na kuinyanyua kwa matofali. La pili ni dirisha. Kuna na la tatu ambalo watu husahau: bati lisilo na dari hutoka jasho alfajiri na kudondosha matone juu ya kile kilicho chini yake. Ukiona madoa ya mviringo juu ya kifuniko na pembeni pakavu, inua macho.

Ukungu ulio juu ya plastiki au bati unafutika kwa maji yaliyotiwa jiki kidogo, ukiwa nje ya nyumba. Usichanganye jiki na siki hata kama umesikia zote mbili zinaua ukungu. Zikikutana hutoa gesi ya klorini inayochoma mapafu. Katoni iliyoota ukungu haifutwi, inatupwa. Mimi katoni siziamini hata zikiwa kavu, maana mende wanapenda kutagia katika yale mapito yaliyo ndani ya kuta zake.

Kilichogundishwa kimeachana

Hapa pana mengi, kwa sababu kilichoachana hubeba ushahidi wake. Shika vipande viwili, uvipeleke penye mwanga, utazame gundi imebaki wapi.

Ikiwa gundi yote imebaki upande mmoja na upande wa pili ni msafi kama haukuguswa, gundi haikuwahi kushika upande huo. Ulikuwa na mafuta, vumbi, au ni plastiki isiyokubali gundi. Ikiwa gundi imegawanyika, nusu huku nusu kule, na ukiigusa inanata, ilishika pande zote mbili ila yenyewe ikawa dhaifu: haikukauka, imelainishwa na joto, au ilikuwa nene mno. Na ikiwa nyuzi za mbao zimeng'oka zikaganda upande wa pili, iache gundi, haina kosa lolote. Mbao ndiyo imeshindwa, maana yake mzigo ni mkubwa kuliko kiungo. Hapo weka skrubu.

Sasa ile plastiki isiyokubali gundi. Mitungi ya maji, ndoo za rangi, vifuniko vya makopo na makreti mengi yametengenezwa kwa polithini au polipropilini, na gundi za kawaida huteleza juu yake. Ukitaka uhakika, kata kipande kidogo cha ukingo ukitumbukize kwenye bakuli la maji yenye tone la sabuni, ukizamishe kwa kidole, kisha ukiachie. Kikipanda juu na kuelea, ni jamii hiyo. Kikizama, huenda ni plastiki ya aina nyingine, na gundi ina nafasi.

Inayoelea tuunge kwa njia nyingine. Fundi wa jua kali pale soko la Kibuye hatapoteza muda, atakuambia, "Mama, hapa ni riveti tu," na yuko sahihi. Riveti yenye washa (kile kisahani cha chuma chenye tundu) pande zote mbili, au boliti na nati, hukaa. Kama huna bunduki ya riveti, pasha msumari moto, toboa safu mbili za matundu, kisha shona kwa waya mwembamba ukipita kwa mshono wa msalaba. Toboa nje, usivute ule moshi. Na usitoboe karibu sana na ukingo. Acha upana wa kidole, la sivyo plastiki itapasuka kufuata matundu.

Gundi ya viatu, ile ya manjano, huharibiwa na haraka. Watu huipaka na kubana ikiwa bado imelowa, basi unyevu wake unafungiwa katikati na kiungo kinateleza wiki nzima. Inapakwa pande zote mbili, inaachwa mpaka ukiigusa kwa mgongo wa kidole isikushike tena, dakika kumi hivi, kisha vipande vinakutanishwa mara moja na kugongwa. Hakuna kurekebisha baada ya hapo, kwa hiyo pima kwanza. Tena inalegea kwa joto. Kapu lililobandikwa kwenye ukuta wa mabati unaopigwa na jua la adhuhuri litaachia tu, hata upake kopo zima.

Gundi nyeupe ya mbao inataka kubanwa. Kama huna vibanio, kata tyubu kuukuu ya baiskeli iwe mikanda, uzungushe ukivuta mpaka mpira uwe mwembamba, uiache mpaka kesho yake saa kama hizo. Haifai kwa kitu kitakachokaa bafuni au chini ya karo. Maji huilainisha tena.

Rangi inabambuka

Okota ganda moja la rangi, uligeuze. Likiwa linang'aa kwa nyuma, uso ulikuwa laini au una mafuta, na ndivyo makopo ya mafuta ya kupikia yalivyo. Osha kwa maji moto na sabuni, piga msasa mpaka mng'ao ufe, ndipo upake. Kama ni ile plastiki inayoelea, rangi haitadumu sana hata kwa msasa. Funika kwa kitambaa cha leso kilichoshonwa kuzunguka, au kiache kibaki na rangi yake ya kiwandani. Si lazima kila kitu kipakwe.

Nyuma ya ganda pakiwa na unga mweupe na chombo ni cha bati la zinki, shida ni ndoa mbaya kati ya rangi ya mafuta na zinki. Mafuta yaliyomo katika rangi hiyo hugeuzwa na zinki kuwa kitu cha jamii ya sabuni, na rangi inavuka vipande vizima baada ya miezi. Ondoa yote, futa bati kwa siki, suuza, kausha, kisha tumia praima ya mabati au rangi ya maji inayofaa kwa zinki. Muulize mwenye duka la rangi kwa kutaja bati la zinki; ukisema "chuma" tu atakupa nyingine.

Samani ya zamani iliyopakwa rangi miaka mingi iliyopita usiipige msasa mkavu ndani ya nyumba. Rangi nyingi za kale zilikuwa na risasi, na vumbi lake ni sumu kwa watoto hasa. Lowesha msasa, fanyia nje, kusanya uchafu wote ufunge na kutupa, watoto wakiwa mbali.

Rafu imebonyea katikati

Ubao wa chipbodi uliotolewa kwenye stendi ya runinga au kabati la nguo haukuumbwa kubeba vitabu au unga kilo kwa kilo. Hubonyea polepole, na unyevu unauharakisha. Kuupindua upande wa pili kunafurahisha macho kwa miezi michache tu.

Hesabu yake inastahili kujulikana. Kwa mzigo uleule na ubao uleule, ukipunguza nafasi kati ya mihimili kwa nusu, kubonyea kunashuka hadi moja ya nane ya kulivyokuwa. Unene nao uko hivyohivyo: ubao wenye unene mara mbili hubonyea moja ya nane. Ndiyo maana mguu mmoja wa katikati, hata kama ni kopo tatu za maziwa ya mtoto zilizojazwa mchanga na kupangwa juu kwa juu, unaokoa rafu ambayo ulikuwa tayari kuichoma kuni. Kama hutaki mguu, pigilia kipapi cha mbao kikiwa kimesimama kwa ukingo wake mbele ya rafu, kuanzia mwisho hadi mwisho. Kinasaidia kuliko sura yake.

Chipbodi iliyovimba kingo baada ya kulowa hairudi. Kama ni kingo tu, kata sehemu iliyovimba, ziba upande uliokatwa kwa vanishi mara mbili. Kama imevimba katikati, muda wako una kazi nyingine.

Unga chini ya rafu, au udongo nyuma yake

Unga laini wa mbao unaorundikana sakafuni, na matundu madogo ya duara yenye upana wa milimita moja au mbili, ni kazi ya bungua. Vijia vya udongo vinavyopanda ukutani au kwenye mguu wa rafu ni mchwa. Wawili hawa hawatibiwi kwa njia moja, na kumwagia vyote mafuta taa, kama wengi wafanyavyo, hakuwafikii walio ndani na kunakuachia chombo cha kushika moto.

Kwa bungua, ziba matundu yote kwa nta ya mshumaa, fagia unga wote, subiri wiki chache. Unga mpya na matundu mapya yakitokea, bado wamo. Kipande kilicholiwa sana kitoe nyumbani kabisa. Kilichobaki kipake vanishi au rangi pande zote, chini na nyuma pia, kwa sababu jike hutafuta mbao isiyofunikwa ili atage. Hapa ndipo wengi hupaka mbele peke yake, na bungua hawaingii kwa kufuata mapambo.

Kwa mchwa, katiza njia. Rafu isimame kwenye makopo au matofali yaliyo mbali na ukuta, chini paweze kuonekana na kufagiwa. Vijia vikivunjwa vikajengwa tena siku chache baadaye, kichuguu kiko karibu na hilo ni suala la nyumba, rafu imeponea tu. Zungumza na mwenye nyumba.

Wanaotumia mbao za paleti watafute muhuri uliochomwa ubavuni. Herufi HT humaanisha zilipashwa joto, kiini chake kikafika nyuzi 56 kwa dakika 30. MB humaanisha zilifukizwa kwa methili bromaidi, na hizo usizilete jikoni wala chumba cha mtoto. Paleti yenye madoa ya mafuta au harufu ya dawa iache ilipo. Na hata HT huwaua waliokuwamo wakati ule tu. Bungua wa mtaa wa Manyatta hajui kusoma muhuri.

Droo imekwama

Ikikwama wakati wa mvua na kulegea wakati wa jua, ni mbao imevimba. Usiichonge randa mwezi wa Aprili, maana Januari itacheza ndani ya kabati. Sugua mshumaa au sabuni kavu ya kipande kwenye mapito yake. Ikikwama mwaka mzima, pima pembe kwa pembe kwa kamba: urefu wa pande mbili za msalaba ukitofautiana, fremu imeenda mshazari.

Kapu la jinzi limelala

Miguu ya suruali ya jinzi hufanya makapu mazuri, lakini kitambaa hakina mifupa. Likianguka ukingo tu, pitisha waya wa hanga ndani ya upindo wa juu. Likianguka lote, weka ngozi ya ndani kwa gunia la sukari la kusokotwa, kisha kata ukanda wa mtungi kuukuu uzunguke ndani ya ukuta wa kapu. Shona kwa sindano ya magunia, uzi wa nailoni. Cherehani ya kawaida ikivunja sindano kwenye mapindo ya jinzi, ponda mapindo kwa nyundo kwanza, yatalainika.

Kama kapu linatoa vipande vyeupe vidogo vinavyonata kwenye nguo, tazama bitana uliyotumia. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku nchini Agosti 2017, nyumba zetu zimejaa ile mifuko laini inayofanana na kitambaa. Si kitambaa, ni nyuzi za polipropilini zilizobanwa pamoja, na jua huzioza zikawa chembechembe. Gunia la plastiki huoza vivyo hivyo, ila kwa muda mrefu zaidi. Weka bitana mpya, na hamisha kapu kutoka dirishani.

Pete za kutu juu ya karo

Kopo la bati hushika kutu kwanza pale chini, kwenye ule mfereji wa kitako unaobaki na maji kila ukifuta meza. Sugua kwa waya wa kusugulia sufuria, kausha juani, paka rangi ya mafuta kitako kizima, kisha lisimamishe juu ya vifuniko vitatu vya chupa vya plastiki viwe miguu. Mdomo uliokatwa kwa kisu ukunje ndani kwa koleo. Mikono ya watoto huingia humo bila kutazama.

Rafu imeng'oka ukutani

Tazama kilichobaki kwenye skrubu. Rolplagi, kile kipande cha plastiki kinachoshika skrubu tunduni, ikitoka nzima na vumbi, tundu lilikuwa kubwa au iliishia kwenye lipu bila kufika tofali. Kwa rolplagi ya milimita 6 toboa kwa biti ya milimita 6, bila kutikisa drili, na uingie ndani ya tofali lenyewe. Skrubu ikipinda, mzigo umezidi. Msumari wa kawaida uliopigiliwa kwenye lipu ya saruji usiutegemee kwa chochote kizito kuliko kalenda.

Nyumba ya udongo haitobolewi kwa rolplagi. Tafuta nguzo zilizo ndani ya ukuta kwa kugonga, ufunge hapo, au simamisha rafu sakafuni. Na kwa wapangaji ambao mwenye nyumba hataki kusikia neno drili: ngazi kuukuu ya mbao, iliyoegemezwa na kufungwa kwa kamba kwenye mbao za paa, hubeba mataulo na makapu bila tundu hata moja. Chochote kinachomzidi mtoto urefu kifungwe juu, hata kama kinaonekana kimetulia.

Harufu isiyotoka

Mtungi uliobeba mafuta taa umeyanywa. Mafuta huingia ndani ya plastiki yenyewe, ndiyo maana unausafisha leo, unakauka bila harufu, na baada ya siku mbili za joto unanuka upya. Sabuni haitaumaliza, magadi hayataumaliza. Ukate uwe sanduku la misumari, vifaa vya baiskeli au mkaa, usilete nafaka wala nguo za mtoto karibu nao. Ndoo ya rangi ya maji husafishika, lakini unga na mchele visikae humo bila kuwa ndani ya chombo kingine.

Kopo la dawa ya mimea au ya kuogeshea mifugo halifanywi kitu chochote, si chungu cha maua, si kikopo cha kalamu. Likishaisha, suuza mara tatu, maji hayo uyamimine kwenye bomba la kunyunyizia pamoja na dawa ileile shambani, kisha toboa kitako mara kadhaa kwa msumari ili asije mtu akaliokota akachotea maji.